Baiskeli Iliyovuta Kulia

Bi Kiraka aliujua mgongo wa mumewe kuliko alivyoujua uso wake. Msicheke. Mwanamke aliyebebwa nyuma ya baiskeli kwa miaka kumi na tisa, asubuhi kwenda na jioni kurudi, hana uso wa kuutazama, ana mgongo. Alijua mishono yote ya yale mashati matatu ya kazi, kwa kuwa ndiye aliyeishona. Alijua kwamba bega la kulia lilishuka kidogo kuliko la kushoto. Alijua jasho huanzia wapi na hufika wapi wakipanda kile kilima cha tangi la maji. Mwenye mgongo alipofariki, ghafla tu, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, ndipo alipotambua kuwa kuna swali moja hakuwahi kulipatia jibu, na wa kulijibu ameshazikwa.

Swali lenyewe lilikuwa la kitoto, na yeye mwenyewe alilijua hivyo. Je, yule mwanamume alikuwa anajua kwamba nyuma yake kuna mtu?

Jina la Kiraka alilipata kazini. Alikuwa fundi cherehani katika chumba cha kufulia cha hospitali, na kazi yake ilikuwa kuyapokea mashuka yaliyochanika na kuyatolea hukumu: hili lishonwe, hili litiwe kiraka, hili limezeeka likatwe foronya. Mashuka mia kwa siku, wakati mwingine zaidi. Vidole vyake vilikuwa vimeshazoea hata havikuhitaji macho. Akipitisha kiganja tu juu ya kitambaa alijua kimekwenda upande wapi, na kilichokwenda upande alikinyoosha. Hakuweza kuvumilia kitu kilichopinda. Hata picha za ukutani kwa watu alizinyoosha, wenye nyumba wakamtazama.

Mumewe naye alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Mtaani walimwita Bwana Namba, kwa sababu akibisha hodi, akiingia, akiinama kwenye mita na kuandika, basi kitu pekee alichotamka ni ile namba aliyoisoma, kisha kwaheri. Nyumbani hakuwa na tofauti kubwa. Hakuwa mkali, hakuwa mlevi, hakuwa na makuu. Alikuwa kimya tu. Wapo wanaosema kimya kingi kina mshindo mkuu. Bi Kiraka alisubiri huo mshindo miaka yote ya ndoa na hakuusikia.

Kila asubuhi alikaa kwenye keria, miguu yote miwili upande wa kushoto, mkono wa kulia ameshika springi za kiti. Kilimani, mumewe alipoanza kuhema, alimuuliza, "Nakulemea?"

Na mumewe akamjibu, "Hata sikusikii."

Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya mia moja jibu lilianza kumkwaruza. Hata sikusikii! Mtu mzima, mwenye nyama yake na mifupa yake, na kopo lake la chakula mapajani, hasikiki? Zaidi ya hapo kulikuwa na lile la getini. Akishashuka mbele ya geti la hospitali na kunyoosha gauni, mumewe alikuwa tayari ameinama nyuma ya baiskeli, anashughulika na gurudumu. Bi Kiraka akienda hatua ishirini, akigeuka kumpungia mkono, anachokiona ni mgongo ulioinama na kofia. Mwaka wa kwanza alipunga hivyo hivyo. Mwaka wa tatu aliacha kupunga. Kugeuka hakuacha, ila hilo hakumwambia mtu.

Basi alipokufa, watu wa idara ya maji walikuja wakachukua vitabu vya kazi, tochi na koti la mvua. Baiskeli ilikuwa yake mwenyewe, wakaiacha. Ikaegemezwa ukutani pale sebuleni, na mkoba wake wa ngozi ukining'inia kwenye keria upande wa ndani. Ikakaa miezi minane. Bi Kiraka aliipangusa vumbi kila Jumamosi. Alikula peke yake meza ya watu wawili, akitazamana na usukani, na usiseme alizoea, kwa sababu hakuzoea. Kuna jioni alijikuta anasema "karibu maji" kwa sauti, akaona haya mbele ya kabati.

Kazini alikuwa akienda na gari la wafanyakazi. Kisha gari likaharibika, likapelekwa gereji, na gereji ikawa ndiyo makazi yake. Basi la abiria la kwanza lilipita saa moja asubuhi, na zamu yake ilianza saa kumi na mbili na nusu. Kwa miguu ni saa moja na nusu kwa mtu mwenye magoti mazima, na ya kwake yalikuwa na maoni yao. Akachelewa Jumatatu, akachelewa Jumatano, akachelewa tena wiki iliyofuata. Msimamizi wa kufulia, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwita pembeni.

"Bi Kiraka, mashuka yako hayana lawama. Lakini saa ni saa. Mwisho wa mwezi nikiwa bado naandika jina lako kwenye daftari la wachelewaji, itabidi nafasi apewe anayekaa karibu."

Jumapili binti yake akapiga simu, kama kila Jumapili. Aliishi mbali, siku mbili kwa basi, na mume na watoto watatu.

"Mama, umeshafanya kazi inatosha. Uza baiskeli, pangisha nyumba, njoo ukae kwetu. Utashika wajukuu."

"Nitakaa wapi?"

"Tutakuwekea godoro chumba cha watoto."

Bi Kiraka aliwapenda wajukuu wake. Lakini aliutazama ukuta, alama nyeusi ambayo mpini wa usukani ulikuwa umeichora kwa miaka, na akaona kwamba akiondoka hapo atakuwa mgeni mpaka siku ya kufa. Mgeni mwenye kuheshimiwa, ndiyo, lakini mgeni. Hapo ndipo alipokata shauri. Atapanda mwenyewe.

Msidhani hakujua kabisa. Utotoni aliwahi kujifunza kwa baiskeli ya kaka yake, kwa siri, akipitisha mguu chini ya bomba la juu. Tatizo ni kwamba utoto ulikuwa miaka arobaini nyuma. Aliitoa baiskeli alfajiri ya siku ya mapumziko, akaikokota hadi barabara ya nyuma ya maghala, mahali pasipo na watu. Akapanda. Akaenda hatua nne za gurudumu, akaanguka kulia. Akapanda tena, akaanguka kulia. Mara ya tatu aliamua kabisa kwamba akianguka ataanguka kushoto, kwa makusudi, angalau kubadilisha; akaanguka kulia, mtaroni, na mtaro ulikuwa na maji.

Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, gauni limelowa, akaitazama ile baiskeli. Alikuwa na hasira. Si hasira ya kuumia, bali ile ya mtu anayekataliwa na kitu cha nyumbani kwake. Hata baiskeli yako haitaki kujua kwamba nipo, alimwambia marehemu, moyoni. Kisha akalia, na kwa kuwa hapakuwa na mtu, alilia vizuri.

Kesho yake baada ya kazi aliipeleka kwa fundi. Fundi huyu alikuwa mwembamba hata watu wakamwita Spoki, na alifanyia kazi kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, katikati ya minyororo iliyoning'inia na beseni la maji ya kutafutia pancha. Alikuwa na mdomo usiopoa. Baiskeli yoyote iliyoletwa kwake aliizungusha kwanza, akaitukana kidogo, kisha ndipo akamsalimia mwenyewe.

"Tairi limeota mvi. Cheni inalia njaa. Hizi breki ni mapambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Nataka niipande mwenyewe, kwenda kazini kila siku. Kilometa saba, na kilima kimoja. Kila kilichopinda kinyooshe."

"Wewe mwenyewe?"

"Unaona mwingine hapa?"

Fundi Spoki akacheka, akachukua kipande cha chaki. Alimsimamisha kando ya baiskeli, akapima kiti kifike wapi kwenye nyonga yake, akaweka alama kwenye bomba. Alimwambia ashike usukani, akatazama viwiko vyake, akasema usukani utapandishwa na kuvutwa nyuma, asiendeshe huku amelala kama mkimbiaji wa mashindano. Breki za mbele na nyuma zibadilishwe mipira. Cheni iwekewe kifuniko, isile gauni. Mbele kifungwe kikapu cha waya cha kutilia kopo la chakula. Taa ifungwe, maana asubuhi kunakuwa bado giza. Kengele ilikuwepo, ila ilikuwa imeshikwa na kutu, ikitoa sauti ya kijiko.

"Hili bomba la juu siwezi kulishusha," alisema. "Fremu ya kiume. Kwa gauni itakusumbua."

"Hilo niachie. Nitashona suruali pana, ukisimama nayo huijui kama si sketi."

"Na keria?"

Bi Kiraka alikuwa ameshalifikiria hilo usiku kucha. "Itoe. Sina wa kumbeba. Itoe na ule mkoba na vyuma vyake, tupa."

"Haya," alisema fundi. Akageuza baiskeli magurudumu juu? La, hakufika huko. Aliinama kuufungua mkoba, akaunyanyua, akaurudisha. Akaunyanyua tena.

"Mama, humu mna nini?"

"Vyuma vya kazi vya marehemu. Alikuwa msoma mita."

Fundi Spoki akaingiza mkono, akatoa bonge lililoviringishwa kitambaa. Bi Kiraka alikitambua kitambaa kabla ya kitu: kilikuwa kipande cha shuka la hospitali, pindo lake la mishono miwili, pindo la mkono wake mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na mita ya maji, ya zamani, ya chuma, isiyo na kioo. Mahali pa kioo palijazwa saruji. Na shingoni mwa ile mita palifungwa waya, na kwenye waya zilitungwa nati kubwa za mabomba, moja baada ya nyingine, kumi na moja.

"Kilo nne hizi, kama si tano," alisema fundi. "Msoma mita gani anasoma mita ya saruji?"

Fundi akachuchumaa nyuma ya baiskeli, akapitisha kidole kwenye chuma cha keria, akakirudisha, akakipitisha tena. Aliacha kutania. Kwa Fundi Spoki hilo lilikuwa jambo la kutangazwa redioni.

"Marehemu alikuwa anabeba mtu?"

"Alikuwa ananibeba mimi."

"Ulikuwa unakaaje?"

"Kiupande. Miguu huku kushoto."

"Njoo uone, mama."

Akamwonyesha. Kwenye chuma cha keria palikuwa na mahali pawili palipong'aa, rangi imekwisha kabisa, chuma kimelika kidogo. Pa kwanza palikuwa katikati, nyuma. Pa pili palikuwa pembeni, kulia. Ndoano ya mkoba iliingia pote pawili bila kulazimishwa.

"Chuma hakiliki hivi kwa kuhamisha mkoba mara moja moja," alisema fundi. "Hii ni kila siku, miaka. Ukipanda wewe, miguu na uzito vinavuta kushoto. Yeye anauweka mzigo huku kulia, mkae sawa. Ukishuka anaurudisha katikati, asianguke. Na kiti chenyewe kione, springi ya kulia imelala; alikuwa anaegemea huku. Hii kazi ya mtu aliyepima." Alizihesabu nati kwa ncha ya bisibisi. "Hizi hazikutiwa siku moja. Hizi za ndani zimeoza kwa kutu, hii ya mwisho bado inang'aa. Alikuwa anaongeza." Akasita, mdomo wake ukamshinda. "Samahani, mama. Ulikuwa unanenepa?"

Bi Kiraka alicheka. Alicheka kwa sauti, pale kibarazani, mpaka akashika ukuta, na katikati ya kicheko kitu kikageuka, akawa hacheki tena. Fundi Spoki akajifanya anatafuta spana.

"Na mkoba ulikuwa upande gani nilipouleta?" aliuliza Bi Kiraka baadaye.

"Kulia. Ndiyo maana inakuangusha kulia. Mara ya mwisho kuendeshwa na marehemu, ulikuwa umepanda wewe." Akaigonga fremu kwa kiganja. "Baiskeli haina kosa, mama. Bado inajua kwamba umekaa nyuma."

Ilikuwa kweli. Mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi ile, wakirudi, siku moja kabla ya kifo. Alishuka mlangoni, akaingia jikoni, na mumewe akaisukuma baiskeli ndani ikiwa vile vile. Hakukuwa na haja ya kuuhamisha mkoba, kwa kuwa Jumatatu asubuhi mkewe angepanda tena.

Na getini, basi. Getini alikuwa anahangaika na ndoano. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kilo nne za chuma, na mkewe alikuwa amesimama hatua ishirini mbele, mkono hewani, akihesabu kosa. Bi Kiraka alijisikia vibaya kwa miaka kumi na sita ambayo hakupunga. Aliona uchungu pia, wacha tuseme ukweli, aliona uchungu na huyo mumewe. Ungefungua kinywa, mwanamume wewe. Neno moja tu. Ungesema, subiri kidogo, nahamisha mkoba. Maneno manne, hata namba zako zilikuwa ndefu kuliko hayo.

"Keria niitoe?" aliuliza fundi.

"Iache. Na mkoba uache. Uweke katikati."

"Na springi ya kiti? Imelala upande. Ulisema kila kilichopinda."

Mkono wake ulitaka kusema nyoosha. Ndiyo tabia yake. "Hiyo badilisha," alisema mwishowe. "Sina budi nikae sawa. Ile ya zamani nipe."

Akaondoka na springi ndani ya kopo la chakula.

Usiku huo alikata suruali pana kutoka kwenye gauni la zamani, akaitia mfuko mmoja wa funguo. Siku tatu baadaye baiskeli ilikuwa tayari, na Fundi Spoki, aliyekuwa ameambiwa atie mafuta kengele tu, alikuwa ameitia na rangi nyekundu bila kuagizwa. Jioni mbili Bi Kiraka alizunguka nyuma ya maghala. Baiskeli ilikwenda mbele kama alivyoielekeza. Aliyumba, ndiyo, aliogopa kila gari lililopita kwa mbali, lakini mtaro haukumwona tena.

Jumatatu aliondoka saa kumi na moja na nusu, taa ikitetemeka mbele yake. Kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa upepo. Upepo ulimpiga kifuani, na alishangaa, kwa maana kwa miaka yote ile hakujua kwamba njia hiyo ina upepo. Ulikuwa unaishia kwa mtu mwingine. Kitu cha pili ni barabara yenyewe. Alidhani anaijua. Kumbe alijua ukingo wake wa kushoto tu, kwa kuwa jioni alirudi amefumba macho kwa uchovu: ukuta wa shule, bucha, nguzo tatu, yule mbwa wa rangi ya majivu. Upande wa kulia ulikuwa mji mgeni. Palikuwa na karakana ya seremala na vitanda visivyo na magodoro vimepangwa nje. Palikuwa na nyumba ya ghorofa moja yenye dirisha la buluu, na mzee ndani yake ananyoa ndevu. Amekuwa akinyoa hapo muda gani? Alitaka kumwambia mtu. Aligeuza kichwa kidogo nyuma, kisha akakirudisha haraka, maana usukani ulimfuata.

Kilimani alishuka akasukuma. Hakuna aliyemuuliza kama amelemewa. Alifika getini saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, akaegemeza baiskeli na kuitia kufuli. Msimamizi alitazama saa, akatazama baiskeli, akafunga daftari bila kuandika. Ilikuwa ushindi, na Bi Kiraka aliujua kuwa ni ushindi. Lakini ushindi usio na wa kumsimulia ni kama chai bila sukari, unaimeza tu. Jumapili alimwambia binti yake kwamba haji, na binti akasema, "Baba angeshangaa." Bi Kiraka akasema labda.

Wiki tatu zikapita hivyo. Mwisho wa mwezi ukafika na nafasi yake ikabaki yake.

Sasa, pale kwenye chumba cha kufulia palikuwa na mpiga pasi. Walimwita Mama Pasi, na alikuwa mwanamke wa kujaza mlango: mabega, kiuno, kicheko, kila kitu alipewa kwa kipimo cha ukarimu. Alikaa nusu ya njia ya Bi Kiraka, upande uleule, na siku zote alitembea. Alasiri moja aliteleza kwenye sakafu iliyomwagikiwa sabuni, kifundo cha mguu kikavimba. Wakamfunga bandeji, wakampa ruhusa ya siku mbili. Zamu ilipokwisha alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kiatu mkononi, akiutazama umbali wa kwenda nyumbani.

Bi Kiraka alimpita na baiskeli. Akaenda hatua kumi. Akasimama.

"Mwenzangu, panda."

Mama Pasi aliangalia keria, akajiangalia mwenyewe. "Wewe! Unataka kuniua au unataka kujiua?"

"Panda. Kaa kiupande, miguu kushoto. Shika springi za kiti."

Mama Pasi akapanda akimwita Mungu. Baiskeli ilishuka, tairi likabonyea. Bi Kiraka akaenda nyuma, akaukamata mkoba, akautoa katikati na kuutia ndoano pembeni, kulia. Chuma kiliingia mahali pake kwa mlio mdogo. Mama Pasi hakugeuka. Alikuwa akisalimiana na mlinzi.

Wakaondoka. Mita tano za kwanza zilikuwa za aibu, kisha baiskeli ikakaa sawa. Hapo ndipo Bi Kiraka aliposikia. Alisikia kila kitu. Alisikia mwenzake anapovuta pumzi na anapoitoa, kwa maana usukani uliitika. Alisikia anapohamisha kiatu kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Mama Pasi alipogeuka kumtazama mbwa, alijua ametazama mbwa, na alipocheka, kicheko kilipanda kwenye fremu kikamfikia mikononi kabla ya masikio. Mapaja yalimuuma, na bega lake la kulia, bila kuambiwa, lilikuwa limeshuka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa hapo nyuma, akijiona mwepesi hata hasikiki, na mtu wa mbele alikuwa anamsikia mpaka kupumua.

Njia ikaanza kupanda. Bi Kiraka akaanza kuhema, jasho likamshuka kuanzia pale alipopajua.

Nyuma, Mama Pasi akauliza kwa sauti ndogo, isiyokuwa ya kawaida yake, "Mwenzangu. Nakulemea?"

Bi Kiraka alikanyaga pedali mara mbili kabla ya kujibu. Mwanamke yule alikuwa na kilo zake tisini, na huenda hata malaika wa mizani wasingelipinga hilo.

"Hata sikusikii," alisema.

Walifika kwa Mama Pasi, nyumba ya bati yenye uzio mfupi. Mama Pasi akashuka, akanyoosha gauni, akachechemea kuelekea mlangoni. Baiskeli, ilipopoteza uzito wa kushoto, ikaanza kuinamia kulia, na Bi Kiraka akaruka haraka nyuma, akainama, akaushika mkoba kwa mikono yote miwili. Ndoano ilikuwa imebana. Aliinyanyua, ikakataa, akainyanyua tena.

"Haya, kwaheri mwenzangu! Ahsante!" aliita Mama Pasi.

"Haya," alijibu Bi Kiraka, uso kwenye gurudumu, kwa sababu chuma kilikuwa kinateleza.

Mkoba ukaingia katikati. Hapo ndipo alipojisikia alivyosimama: mgongo umeinama, kichwa chini, mikono imeshikwa. Akainuka upesi akageuka. Mlango ulikuwa umeshafungwa, na pazia linatulia. Hakujua kama mwenzake alikuwa amegeuka na kumpungia. Alibaki hapo barabarani, ameshika usukani kwa mkono mmoja, kisha akainua ule mwingine, wenye kutu na grisi, akaupungia mlango.